Viongozi wa Umma na Migogoro ya Kazi: Mfano wa Supamaketi za Market Basket, Marekani, 2014

Mwezi Agosti 2014, mteja aliyeingia katika duka la Market Basket, kaskazini mashariki mwa Marekani, alikuta jambo la ajabu. Milango ilikuwa wazi, taa zilikuwa zinawaka na wafanyakazi walikuwa kwenye nafasi zao, lakini rafu za matunda, mboga na nyama zilikuwa tupu. Kwenye vioo vya madirisha wateja walikuwa wamebandika risiti za maduka mengine, ili wamiliki waone ni fedha kiasi gani zinawapita kila siku. Nje, wafanyakazi wengine walisimama barabarani na mabango. Hawakudai nyongeza ya mshahara. Walidai mkurugenzi wao aliyefukuzwa arudishwe.

Mgogoro huo ulidumu kwa wiki kadhaa na ukawagusa wafanyakazi 25,000. Ndani ya wiki hizo magavana wa majimbo mawili, wanasheria wakuu, mameya na wabunge waliitaka kampuni imalize ugomvi. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na mamlaka ya kisheria ya kuiamuru ifanye hivyo. Je, kiongozi wa umma anaweza kufanya nini pale ambapo hana amri? Hilo ndilo swali la mada hii.

Baada ya kusoma mada hii, mwanafunzi aweze:
(a) kueleza maana ya mgogoro wa kazi na njia za kuutatua;
(b) kueleza chimbuko na mwenendo wa mgogoro wa Market Basket;
(c) kuchambua njia walizotumia viongozi wa umma, pamoja na mipaka yake;
(d) kulinganisha mfano huo na utaratibu wa sheria nchini Tanzania.

1. ISTILAHI ZA MSINGI

Mgogoro wa kazi ni hali ya kutoelewana kati ya mwajiri na wafanyakazi kuhusu mishahara, masharti ya kazi, haki au uendeshaji wa mahali pa kazi.

Mgomo ni hatua ya wafanyakazi kuacha kazi kwa pamoja ili kumshinikiza mwajiri.

Ususiaji ni hatua ya wateja kukataa kununua bidhaa au huduma za kampuni fulani mpaka jambo fulani litekelezwe. Mgomo hufanywa na wafanyakazi, ususiaji hufanywa na wateja. Usichanganye istilahi hizi mbili.

Majadiliano ya pamoja ni mazungumzo kati ya mwajiri na chama cha wafanyakazi kwa lengo la kufikia mkataba wa hiari.

Usuluhishi ni njia ambayo mtu wa tatu husaidia pande mbili kuelewana, lakini hazilazimishi kukubali lolote. Uamuzi ni njia ambayo mtu wa tatu husikiliza pande zote kisha hutoa hukumu inayozifunga.

Bodi ya wakurugenzi ni chombo kinachosimamia kampuni kwa niaba ya wanahisa. Bodi ndiyo huajiri na kumwondoa mkurugenzi mtendaji. Mwenye hisa nyingi ndiye mwenye sauti kubwa katika kuiunda bodi.

2. CHIMBUKO LA MGOGORO

Kampuni ya Market Basket ilianza mwaka 1917 kama duka dogo la nyama katika mji wa Lowell, jimbo la Massachusetts. Waanzilishi walikuwa mume na mke, Athanasios na Efrosini Demoulas, wahamiaji kutoka Ugiriki. Mwaka 1954 wana wao wawili, George na Telemachus, walilichukua duka hilo na kulikuza mpaka likawa mtandao wa supamaketi.

George alifariki mwaka 1971. Familia yake iliendelea kumwamini Telemachus kusimamia mali, lakini mwaka 1990 ilimshtaki mahakamani ikidai kuwa hisa na mali zake zimehamishwa isivyo halali. Mahakama ilikubaliana nayo. Matokeo yake, upande wa George ulipata asilimia 50.5 ya hisa na upande wa Telemachus ukabaki na asilimia 49.5.

Tofauti hiyo ya asilimia moja tu ndiyo iliyoamua mambo yote yaliyofuata. Pande hizo mbili ziliongozwa na mabinamu wawili wenye jina moja, kwani wote walipewa jina kwa kumbukumbu ya babu yao: Arthur S. Demoulas, mwana wa George, na Arthur T. Demoulas, mwana wa Telemachus. Mtahiniwa awe makini na herufi ya katikati. Arthur T. alikuwa mkurugenzi mtendaji tangu mwaka 2008. Arthur S. aliongoza kundi lenye hisa nyingi zaidi.

Chini ya Arthur T. kampuni ilifikisha maduka 71 katika majimbo ya Massachusetts, New Hampshire na Maine, na mauzo ya zaidi ya dola bilioni 4 kwa mwaka. Sifa zake kuu zilikuwa mbili. Kwanza, bei zake zilikuwa chini kuliko za washindani, hivyo familia za kipato cha chini zilitegemea maduka hayo. Pili, wafanyakazi walipata mgawo wa faida uliowekwa kwenye akiba yao ya kustaafu, na wengi walioanza kwa kupakia bidhaa kwenye mifuko walipanda vyeo mpaka kuwa mameneja. Upande wa Arthur S. ulikuwa na hoja yake pia: wanahisa wana haki ya kunufaika na mali yao, na mkurugenzi mtendaji lazima aiheshimu bodi iliyomwajiri.

Tarehe 23 Juni 2014 bodi ilimwondoa Arthur T. na kuteua wakurugenzi wawili wapya kutoka nje ya kampuni.

3. MWENENDO WA MGOGORO

Wafanyakazi wa Market Basket hawakuwa na chama cha wafanyakazi. Hapakuwa na mkataba wa hiari, hapakuwa na katibu wa tawi wala meza ya majadiliano. Hata hivyo, kufikia katikati ya Julai walikuwa wamejipanga. Tarehe 18 Julai walifanya mkutano mkubwa wa hadhara nje ya makao makuu ya kampuni huko Tewksbury. Siku mbili baadaye uongozi mpya uliwafukuza kazi wasimamizi wanane waliokuwa mstari wa mbele, wengine wakiwa wameitumikia kampuni kwa miongo kadhaa.

Hatua hiyo ilichochea moto badala ya kuuzima. Wafanyakazi wa ofisini, wa maghala na madereva wa malori waliacha kazi. Bidhaa zinazoharibika haraka zilikoma kufika madukani, na wateja nao wakaanza kususia. Wafanyakazi wa madukani wengi waliendelea kuripoti kazini, lakini hawakuwa na cha kuuza wala mtu wa kumuuzia.

Mapema mwezi Agosti mauzo yalikuwa yameporomoka, na saa za kazi za wafanyakazi wa muda zikapunguzwa. Hili ni jambo la kutazama kwa makini. Mfanyakazi wa muda hulipwa kwa saa. Asipopangiwa saa hana kipato, hata kama jina lake bado limo kwenye orodha ya waajiriwa. Wafanyakazi wa muda walikuwa sehemu kubwa ya wale 25,000. Hawakuwa na hisa, hawakuwa na kura kwenye bodi, na ugomvi wa mabinamu haukuwahusu. Lakini wao ndio waliokuwa wa kwanza kukosa fedha za kodi ya nyumba. Wahenga walisema, wapiganapo tembo wawili, ziumiazo nyasi.

4. KWA NINI VIONGOZI WA UMMA WALIINGILIA?

Mwanzoni Gavana wa Massachusetts, Deval Patrick, alisita. Msimamo wake ulikuwa kwamba huu ni ugomvi wa kampuni binafsi na serikali haina nafasi ndani yake. Msimamo huo una mantiki: katika uchumi wa soko serikali haichagui nani aongoze duka. Lakini kadiri siku zilivyopita sababu za kuingilia ziliongezeka.

(i) Ajira za watu wengi. Wafanyakazi 25,000 waliotawanyika katika miji mingi ni suala la umma. Mtu aliyekosa kipato huhitaji msaada wa serikali, hivyo gharama ya ugomvi binafsi huhamia kwa walipakodi.

(ii) Mahitaji ya msingi ya wananchi. Chakula si anasa. Katika baadhi ya mitaa Market Basket ndilo lilikuwa duka la karibu na lenye bei nafuu. Familia maskini zililazimika kwenda mbali au kununua kwa bei ya juu.

(iii) Wazalishaji na wasambazaji. Wakulima, wavuvi na wauzaji wa jumla waliokuwa wakipeleka bidhaa kwenye kampuni walipoteza soko kwa ghafla.

(iv) Utekelezaji wa sheria. Hata kama serikali haichagui mkurugenzi, inao wajibu wa kuhakikisha mishahara na stahiki za wafanyakazi zinalipwa kwa mujibu wa sheria.

(v) Shinikizo la wapigakura. Mwaka 2014 ulikuwa mwaka wa uchaguzi katika majimbo hayo, na wafanyakazi na wateja wa Market Basket walikuwa wapigakura. Mtahiniwa asiogope kuitaja sababu hii. Kiongozi anaweza kuwa na nia njema na hesabu za kisiasa kwa wakati mmoja.

5. NJIA WALIZOTUMIA

Kwa kuwa hawakuwa na amri, viongozi walitumia njia nne. Zisome pamoja na mipaka yake, kwani maswali mengi ya uchambuzi huhitaji pande zote mbili.

(a) Kauli na barua za wazi. Mwezi Agosti Gavana Patrick aliiandikia bodi akiitaka imalize mgogoro kwa sababu unawaumiza watu wasio na hatia. Gavana wa New Hampshire, Maggie Hassan, naye alizitaka pande zote zielewane. Barua ya gavana haina nguvu ya hukumu. Nguvu yake ni kwamba inaifanya bodi iliyozoea kuamua mambo faraghani iwajibike kujieleza hadharani. Mpaka wake: bodi inaweza kuisoma na kuiweka kabatini.

(b) Ombi la pamoja na kuunga mkono ususiaji. Seneta wa jimbo la Massachusetts, Barry Finegold, alianzisha ombi la kuunga mkono kususia maduka hayo mpaka Arthur T. arejeshwe. Zaidi ya wabunge na mameya 100 walijiunga. Njia hii ina nguvu kuliko barua kwa sababu inagusa mfuko wa kampuni. Lakini ina hatari mbili. Kwanza, kiongozi anakuwa ameegemea upande mmoja, hivyo hawezi tena kuaminiwa kama msuluhishi. Pili, ususiaji ukirefuka unawaumiza wafanyakazi wale wale ambao kiongozi anasema anawatetea.

(c) Kukumbusha na kusimamia sheria. Wanasheria wakuu wa Massachusetts na New Hampshire waliiandikia kampuni kuikumbusha wajibu wake wa kuwalipa wafanyakazi watakaoachishwa kazi. Hapa ndipo mamlaka halisi ya kisheria yalipokuwepo. Mpaka wake: sheria hizo zinahusu malipo na stahiki. Hazisemi lolote kuhusu nani awe mkurugenzi.

(d) Usuluhishi usio rasmi. Katikati ya Agosti magavana wote wawili walizungumza na pande zinazogombana na kuzihimiza zifikie muafaka. Kwa kuwa hawakuwa wamiliki wala washindani, waliweza kupeleka ujumbe huku na huku pale ambapo mabinamu hawakuaminiana. Mpaka wake: msuluhishi hawezi kutia sahihi kwa niaba ya mtu. Upande mmoja ukigoma kabisa, kazi yake imeishia hapo.

Angalizo: Wanafunzi wengi huandika kwamba "serikali iliilazimisha kampuni kumrudisha mkurugenzi." Hilo si kweli. Hakuna sheria iliyotumika kumrudisha. Tumia vitenzi kama walihimiza, waliitaka, walishauri na walisuluhisha. Usitumie waliamuru.

6. MGOGORO ULIVYOMALIZIKA

Usiku wa tarehe 27 Agosti 2014 ilitangazwa kwamba Arthur T. na upande wake watanunua hisa zote za upande wa pili, yaani zile asilimia 50.5, kwa zaidi ya dola bilioni 1.5. Arthur T. alirejea mara moja kuendesha shughuli za kila siku, na wafanyakazi waliofukuzwa walirudishwa. Siku iliyofuata malori yalianza kupakia bidhaa tena.

Je, viongozi wa umma ndio waliomaliza mgogoro? Jibu sahihi lina sehemu tatu.

Kwanza, nguvu kubwa ilitoka kwa wafanyakazi na wateja kwa pamoja. Mgomo peke yake huweza kuvunjwa kwa kuajiri watu wapya, na uongozi mpya kweli ulitangaza nafasi za kazi mapema Agosti. Ususiaji peke yake huchoka baada ya siku chache. Vilipokutana, kampuni ilikosa bidhaa na ikakosa wanunuzi.

Pili, suluhisho lilitokana na biashara: upande mmoja ulikuwa tayari kuuza na mwingine ukapata fedha za kununua. Kila siku ya mgogoro ilipunguza thamani ya kampuni, hivyo aliyetaka kuuza alipoteza kwa kuchelewa, na aliyetaka kununua alihofia kununua maganda.

Tatu, viongozi walichangia kwa kuifupisha safari. Waliweka shinikizo la hadhara, walilinda stahiki za wanyonge na walisaidia pande mbili kuendelea kuzungumza. Sauti yao ilipata uzito kwa sababu nyuma yake kulikuwa na maelfu ya watu barabarani na rafu tupu madukani.

Habari haikuishia hapo. Mwezi Mei 2025 bodi ya kampuni hiyo hiyo ilimsimamisha Arthur T. kupisha uchunguzi. Ugomvi juu ya nani aongoze ulianza upya, safari hii ndani ya upande wa familia ulioshinda mwaka 2014. Funzo lake kwa mwanafunzi wa uraia ni hili: mwaka 2014 wafanyakazi walishinda mtu, hawakushinda mkataba. Hawakutoka na chama wala makubaliano yanayoifunga bodi ijayo. Haki inayosimama juu ya wema wa mkurugenzi mmoja hudumu kadiri mkurugenzi huyo anavyodumu.

7. MFANO WA KULINGANISHA: STOP & SHOP, 2019

Miaka mitano baadaye eneo hilo hilo lilishuhudia mgogoro wa aina nyingine. Tarehe 11 Aprili 2019 wafanyakazi wapatao 31,000 wa supamaketi za Stop & Shop, katika majimbo ya Massachusetts, Rhode Island na Connecticut, waligoma. Kampuni hiyo inamilikiwa na Ahold Delhaize ya Uholanzi. Madai yao yalihusu bima ya afya, pensheni na malipo ya ziada ya siku ya Jumapili. Mgomo ulikuja siku chache kabla ya Pasaka, wakati ambao supamaketi huuza sana.

Wanasiasa wa kitaifa walijitokeza. Seneta Elizabeth Warren aliungana na wagomaji, na aliyekuwa Makamu wa Rais, Joe Biden, alihutubia mkutano wao mjini Boston tarehe 18 Aprili. Wakati huo huo wasuluhishi wa serikali ya shirikisho walikuwa mezani pamoja na pande zote mbili. Tarehe 21 Aprili, siku ya Pasaka yenyewe, makubaliano yalitangazwa.

Tofauti za kukumbuka ni hizi:

- Market Basket haikuwa na chama cha wafanyakazi. Wafanyakazi wa Stop & Shop walikuwa wanachama wa chama cha wafanyakazi wa chakula na biashara, UFCW.
- Mgogoro wa Market Basket ulihusu uongozi wa kampuni. Ule wa Stop & Shop ulihusu masharti ya kazi.
- Market Basket ilisuluhishwa na magavana kwa njia isiyo rasmi. Stop & Shop ilikuwa na wasuluhishi rasmi wa serikali.
- Mgogoro wa kwanza uliisha kwa mauzo ya hisa. Wa pili uliisha kwa mkataba mpya wa kazi.
- Tangu Arthur T. afukuzwe mpaka arejee ilipita miezi miwili. Mgomo wa Stop & Shop ulichukua siku 11.

Kufanana kwao ni kwamba katika migogoro yote miwili viongozi wa umma walihimiza, na wateja wengi walikataa kununua.

8. HALI ILIVYO TANZANIA

Tanzania Bara ina utaratibu ulioandikwa wa kushughulikia migogoro ya kazi. Sheria mbili za mwaka 2004 ndizo msingi wake: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, na Sheria ya Taasisi za Kazi. Sheria ya pili ndiyo iliyounda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayojulikana kwa kifupi chake cha Kiingereza, CMA.

Mgogoro ukitokea, hupelekwa kwanza Tume kwa usuluhishi, na msuluhishi ana siku 30 za kuutatua, isipokuwa pande zote zikubaliane kuongeza muda. Usuluhishi ukishindikana katika mgogoro wa maslahi, kwa mfano madai ya nyongeza ya mshahara, wafanyakazi wanaweza kugoma kihalali endapo mgomo umeitishwa na chama, wengi wa waliopiga kura wameuunga mkono, na mwajiri amepewa taarifa ya saa 48. Migogoro ya haki, kama vile kuachishwa kazi isivyo halali, haimalizwi kwa mgomo bali kwa uamuzi wa Tume au mahakama. Wafanyakazi wa huduma muhimu huwekewa masharti makali zaidi kuhusu kugoma.

Ukiuweka mgogoro wa Market Basket kwenye mizani hii, utaona ugumu wake. Madai ya kumrudisha mkurugenzi aliyeondolewa na bodi si madai ya mshahara. Wasimamizi waliofukuzwa wangeweza kupeleka malalamiko yao Tume, lakini Tume isingeweza kuamua nani amiliki hisa.

Funzo la pili linahusu kiongozi mwenyewe. Mkuu wa wilaya au mbunge anayefika kiwandani wakati wa mgomo anaweza kusikiliza, kutuliza hasira, kumwita afisa kazi akague kama sheria inafuatwa, na kuzielekeza pande zote kwenye Tume. Akianza kutoa hukumu papo hapo, huku hajasikiliza upande wa pili, anachukua kazi ya chombo kingine. Kauli yake inaweza kushangiliwa siku hiyo, kisha ikatenguliwa mahakamani na kuwaacha wafanyakazi mikono mitupu.

9. JINSI YA KUJIBU SWALI LA INSHA

Swali: "Kiongozi wa umma asiye na mamlaka ya kuiamuru kampuni binafsi hana msaada wowote katika mgogoro wa kazi." Jadili kauli hii kwa kutumia mfano mmoja.

Mwelekeo wa jibu:

Utangulizi. Eleza maana ya mgogoro wa kazi, taja mfano utakaoutumia, kisha toa msimamo wako. Mfano wa msimamo: "Kauli hii ina ukweli kwa sehemu, kwani kiongozi hawezi kulazimisha suluhisho, lakini anaweza kuliharakisha na kuwalinda walio dhaifu."

Kiini. Toa hoja mbili zinazoiunga mkono kauli: bodi ingeweza kupuuza barua za magavana, na suluhisho lenyewe lilipatikana kwa kununua hisa. Kisha toa hoja tatu zinazoipinga: viongozi waliuweka mgogoro machoni pa umma, wanasheria wakuu walikumbusha wajibu wa kisheria kwa wafanyakazi, na magavana walizungumza na pande zisizoaminiana. Kila hoja iambatane na ushahidi wake, yaani jina, tarehe au tukio. Hoja isiyo na ushahidi hupata alama chache.

Hitimisho. Rudia msimamo wako kwa maneno mengine na toa pendekezo moja, kwa mfano umuhimu wa wafanyakazi kuwa na chama na mkataba wa hiari ili wasitegemee huruma ya kiongozi wala ya mwajiri.

10. MASWALI YA MARUDIO

1. Tofautisha:
(a) mgomo na ususiaji
(b) usuluhishi na uamuzi
(c) mgogoro wa maslahi na mgogoro wa haki

2. Eleza jinsi mgawanyo wa hisa wa asilimia 50.5 kwa 49.5 ulivyosababisha mgogoro wa Market Basket.

3. Wafanyakazi wa muda waliathirikaje na mgogoro ambao hawakuuanzisha? Toa hoja tatu.

4. Taja njia nne walizotumia viongozi wa umma katika mgogoro huo, na kwa kila njia eleza faida moja na mpaka mmoja.

5. "Mbunge anayetangaza kuunga mkono ususiaji hawezi kuwa msuluhishi." Toa maoni yako.

6. Linganisha mgogoro wa Market Basket wa mwaka 2014 na ule wa Stop & Shop wa mwaka 2019 kwa kuzingatia chanzo, wahusika na namna ulivyomalizika.

7. Wewe ni mkuu wa wilaya. Wafanyakazi 300 wa duka kubwa mjini kwako wameacha kazi ghafla wakidai mishahara ya miezi miwili. Andika hatua tano utakazochukua kwa mpangilio, na kwa kila hatua eleza kwa nini iko ndani ya mamlaka yako.